Wanatangaza "utajipangia muda mwenyewe", ukishaingia wanakutaka masaa yote. Imezidi sasa

Wakuu naandika nikiwa na hasira na sifichi. Hivi kwa nini kila anayetafuta mtu wa pati taimu anatangaza kwamba muda utapanga wewe, halafu ukishaanza unakuta anayepanga ni yeye? Mimi najenga biashara yangu, bado haijaanza kunilipa, nahitaji kibarua cha pembeni cha kula na kulipa kodi huku nikisukuma mambo yangu. Sijaomba upendeleo wowote. Nataka tu nijue wiki ijayo naingia saa ngapi ili na mteja wangu nimpangie saa yake, basi.

Sasa ratiba inatumwa usiku kwa ajili ya kesho asubuhi, ukisema kesho sitaweza nina mteja unajibiwa sawa haina shida, halafu wiki inayofuata hupangiwi zamu hata moja. Hakuna aliyekufukuza, hakuna barua, umekatwa kimya kimya. Kazi za apu nazo hivyo hivyo, ukikataa oda kadhaa zinaanza kwenda kwa wengine, na muda wote uliokaa na simu mkononi unasubiri haulipwi hata senti. Eti haiwezekani kuhesabu muda wa kusubiri. Inawezekana! Madereva wa Uber Uingereza walilipeleka mahakamani na Februari 2021 Mahakama ya Juu kule ikawapa haki yao, ikasema dereva yuko kazini tangu anapowasha apu akiwa kwenye eneo lake na yuko tayari kubeba abiria, sio mpaka abiria apande.

Ila kinachoniuma zaidi ni mikataba. Mtu anakupa masaa machache kwa wiki, na hata hayo hana uhakika nayo, alafu ndani kachomeka kifungu usifanye kazi nyingine yoyote bila ruhusa yake. Analipia kipande cha wiki yako anataka wiki nzima iwe yake! Uingereza walishalikataa hili, tangu 2015 mkataba usiokuhakikishia hata saa moja ya kazi hauwezi kukuzuia kufanya kazi kwingine.

Na kuna kifungu kibaya kuliko hicho, wengi wanakipita tu wakikimbilia kusaini: kwamba chochote utakachobuni kipindi chote cha mkataba ni mali ya kampuni. Sio ulichobuni kazini kwao, sio ulichotumia kompyuta yao, CHOCHOTE. Yaani unakesha na programu yako au na michoro yako, kwa umeme wako na macho yako mekundu, siku biashara imesimama anatokea mtu na karatasi yenye sahihi yako anasema hii ni yetu. Juzi nimeletewa mkataba wa hivyo, nikaomba waongeze maneno machache tu, kwamba ni ile kazi niliyowafanyia wao ndani ya muda wanaonilipa. Jibu nililopata ni kwamba wanatafuta mtu mwenye moyo wa kazi. Moyo wa kazi! Mtu anafanya kazi mbili kwa siku anaambiwa hana moyo wa kazi, hii ni dharau.

Wale wa kudai hela ya usajili au ya mafunzo kabla hujaanza siwazungumzii, hao ni matapeli na hakuna mwajiri wa kweli anayekutoza ili akuajiri.

Mpaka sasa naona afadhali kazi za kulipwa kwa kipande, tafsiri, kuhariri, hesabu za biashara za watu za mwisho wa mwezi, unapewa dedilaini na ukiifanya saa nane usiku hakuna anayekuuliza. Shida yake ni malipo, kazi umekabidhi na imepokelewa halafu unaambiwa subiri mwezi, mwezi ukiisha simu haipokelewi, kwa hiyo siku hizi bila nusu kutangulia sigusi.

Waliofanikiwa kukifuta hicho kifungu cha umiliki kabla ya kusaini na bado wakapewa kazi, mliandika nini hasa? Wekeni maneno yenyewe hapa tuyatumie.