Mjadala: Mpishi aliyeharisha arudi kazini kwa saa au kwa cheti?

Bwana Afya, Mjini: Assalaam alaykum. Hoteli nyingi za pwani humtaka mfanyakazi wa jikoni aliyeugua tumbo arudi na cheti cha hospitali kwamba amepona. Napinga. Kwa kuharisha na kutapika kwa kawaida, ahesabu saa 48 tangu tapishi la mwisho na tangu choo kirudi hali yake. Akinywa dawa ya kufunga tumbo, saa zianze pale alipoiacha. Cheti kilichoandikwa asubuhi ya kurudi kazini hakielezi lolote kuhusu saa hizo.

Muajiri, Paje: Shekhe, saa hizo nani atazihesabu? Cheti angalau kina muhuri. Na mwenye homa ya matumbo pia nimpokee kwa maneno yake?

Fundi Maabara, Chake Chake: Homa ya matumbo ina kanuni yake, tusiichanganye na tumbo la siku mbili. Mtu humaliza dawa, akawa mzima kabisa, na vijidudu vikabaki kwenye nyongo vikitoka na choo. Mary Mallon, mpishi wa New York, aliambukiza familia kadhaa naye haonekani mgonjwa. Kwa hiyo mpishi asubiri wiki moja baada ya kumaliza antibayotiki, kisha choo chake kioteshwe maabara, yaani vijidudu vilivyomo vikuzwe mpaka vionekane, mara 3, sampuli zikipishana saa 48, na zote zitoke safi.

Shida ni kwamba vyeti vingi hutegemea Widal. Kipimo hicho hutazama kingamwili kwenye damu, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, nazo hubaki miezi baada ya mtu kupona. Mzima anazuiwa kazi, na anayebeba vijidudu anaweza kupita. Kuotesha huchukua siku 2 au 3, na kunataka maabara yenye vifaa, kama ile ya Ivo de Carneri hapa Wawi, Pemba. Muajiri anayetaka cheti aulize kwanza kimetokana na kipimo gani.

Mwakilishi wa wafanyakazi, Kiwengwa: Mnasahau malipo. Kibarua wa kutwa akikaa nyumbani siku 2 hapati kitu, basi atakunywa dawa ya kufunga tumbo na ataingia jikoni kukata saladi. Siku hizo zilipwe, la sivyo kanuni itabaki ukutani.

Muajiri, Paje: Nikimhamishia bustanini je?

Bwana Afya, Mjini: Akiwa bado anaharisha, hapana: choo na chakula cha wafanyakazi ni vya pamoja. Ila aliyepona homa ya matumbo na anangoja majibu ya kuotesha, bustanini au getini anafaa, na mshahara wake ule ule.

Kuhusu kuhesabu: daftari la msimamizi, saa ya dalili ya mwisho, saini mbili. Na msitegemee jeli ya mikono, kwani haiui vizuri virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha. Ni sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Mtu akitapika jikoni, futeni kwanza kwa karatasi, maana uchafu humaliza nguvu ya klorini. Kisha kikombe 1 cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5 kwa vikombe 6 vya maji, ikae dakika 10. Chakula kilichokuwa wazi karibu chote kitupwe, hata kama ni pweza wa bei.

Mpishi, Nungwi: Na maradhi mengine?

Fundi Maabara, Chake Chake: Homa ya ini aina A, asiingie jikoni siku 7 tangu macho kuwa manjano. Tetekuwanga, mpaka malengelenge yote yafanye magaga. Kifua kikuu cha kawaida, baada ya wiki 2 za dawa na daktari akiridhika. Dozi ya miezi 6 ataimalizia akiwa kazini. Kumfukuza kwa hilo ni dhulma.

Muajiri, Paje: Saa 48 za malipo nazikubali. Lakini kuotesha mara 3, gharama ya nani?

Mwakilishi wa wafanyakazi, Kiwengwa: Ya hoteli. Anayetaka kipimo ndiye alipe.

Muajiri, Paje: Kwa wa kudumu, sawa. Kwa kibarua wa mwezi mmoja bado sijakubali.