Tupeane uzoefu: kompyuta mpakato yako ilipochemka kupita kiasi, chanzo ulikipataje?

Ndugu zangu, mada hii naomba iwe ya wale waliowahi kuhangaika na kompyuta mpakato inayochemka hadi mkono haukai juu yake, na hatimaye wakajua chanzo. Naomba kila atakayechangia aeleze joto lilikuwa upande gani wa mashine, lilikuja wakati gani, na feni ilikuwa inafanya nini, kwa sababu mambo hayo ndiyo yanayotenganisha ugonjwa mmoja na mwingine.

Naanza na langu. Ninafanya kazi ya mahesabu Dar es Salaam, katika chumba kisicho na kiyoyozi. Mashine ilikuwa inapata moto upande wa kushoto juu ya kibodi, feni ikivuma mfululizo tangu ninapoiwasha, na baada ya muda inakuwa nzito hata kufungua faili dogo. Niliweka programu ya HWMonitor, nikaona prosesa, yaani chipu kuu inayofanya kazi za mashine, inafika nyuzi 97 na papo hapo kasi yake inashuka. Prosesa nyingi za mashine hizi zimewekewa ukomo wa nyuzi 100 au karibu yake, na zikiukaribia hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kumbe ule uzito haukuwa uchakavu. Kilichonipa jibu ni kuweka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa: feni ilipiga kelele, lakini hewa iliyotoka ilikuwa haba. Fundi alipofungua kifuniko cha chini, feni ilionekana safi, ila alipoiondoa, kati yake na mapezi ya shaba, vile vibamba vyembamba vinavyotoa joto la prosesa kwenye hewa, palikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, akalitoa zima kwa kibano. Jioni hiyo kazi ileile ilifanyika kwenye nyuzi 74.

Mchangiaji, Mwanza

Ndugu mwanzisha mada, kwangu hewa ilitoka nyingi tena ya moto, kwa hiyo njia haikuwa imeziba. Joto lilikuwa linatengenezwa bila sababu. Mashine niliinunua ikiwa imeshatumika, na ilikuwa inavuma hata nikiiacha mezani bila kufungua kitu. Ajabu ni kwamba kila nilipofungua Task Manager ili nione ni programu gani inayotumia nguvu, feni ilitulia, na nikiifunga tu, kelele zinarudi. Ndugu yangu anayesimamia mitandao ya kompyuta aliposikia hivyo alisema kuna programu iliyojificha inayochimba sarafu za kidijitali, yaani inaifanyisha prosesa hesabu nzito mfululizo ili mtu mwingine apate sarafu hizo, na kwamba baadhi yake zimeundwa zisimame pale zinapohisi zinachunguzwa. Tulihamisha nyaraka zangu, tukafuta diski yote na kuweka Windows upya kutoka kwa Microsoft wenyewe. Sasa ikiwa haina kazi haisikiki kabisa. Ningependa watu wajaribu hili kabla ya kulipia usafi wa feni.

Fundi, Nairobi

Naomba niongeze dalili ambayo wateja wangu wengi hawaijui. Iwapo prosesa inaruka kutoka nyuzi 50 hadi zaidi ya 90 ndani ya sekunde chache baada ya kufungua programu nzito, huku hewa inayotoka ikiwa ya baridi, basi joto halifiki kwenye shaba. Hapo pesti, ule ute unaopitisha joto kati ya prosesa na bamba la shaba, imekauka, au aliyefungua kabla hakukaza skrubu sawasawa. Ukifungua utaikuta ngumu, inabanduka kwa ukucha. Mimi hutenganisha waya wa betri kwanza, nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikaweka tone dogo, kisha nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni mwake, kwa kuwa ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, bamba huinuka upande wa pili. Na kwa wanaotoa vumbi kwa mashine ya kupulizia, zuieni feni kwa kijiti isizunguke, kwani upepo huo huizungusha kupita kasi yake na beringi zikaharibika.

Mchangiaji, Muscat

Salaam aleikum. Huku wakati wa kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40, nami nina MacBook Air ya chipu ya M1, ambayo haina feni kabisa, hivyo kipimo cha kiganja hakinihusu. Apple wenyewe wanaelekeza itumike mahali penye nyuzi 10 hadi 35. Nikikaa nayo barazani inachemka chini na kupunguza kasi. Nikiingia penye kiyoyozi inarudi kawaida. Hakuna cha kufungua wala kutengeneza.

Mchangiaji, Mombasa

Dada zangu na kaka zangu, joto la pale panapoegemea viganja lisichukuliwe kwa wepesi. Mashine ya mume wangu ilikuwa vuguvugu kwenye kibodi, lakini hapo mbele ilichoma, hasa ikiwa kwenye chaji. Baadaye padi ya kugusa ikawa ngumu kubonyeza, na mashine ikiwekwa mezani inayumba. Betri ilikuwa imevimba. Tuliizima, tukachomoa chaji, tukaipeleka kwa fundi bila kuikandamiza, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto. Hata kama bado inatunza chaji, betri iliyovimba haitumiki tena.

Mchangiaji, Morogoro

Je, zile feni za kuwekea chini ya kompyuta zinasaidia kweli?

Mwanzisha mada

Inategemea mashine inavuta hewa kutoka wapi. Kabla hujanunua, inua ukingo wa nyuma kwa vitabu viwili bila kuziba matundu ya chini, fanya kazi yako ya kawaida kwa nusu saa, kisha soma joto tena. Likishuka, huenda kibao cha kuinulia kikatosha. Lisiposhuka, sidhani feni hiyo itaongeza kitu kikubwa.

Kwa anayesubiri nafasi ya kwenda kwa fundi, katika mipangilio ya umeme ya Windows kiwango cha juu cha prosesa kinaweza kushushwa kutoka asilimia 100 hadi 99. Katika mashine nyingi za Intel hatua hiyo huzima ile kasi ya ziada inayotoa joto jingi, na kwa kazi za kuandika na mahesabu tofauti haisumbui. Ambaye mpangilio huo hauonekani kwenye mashine yake atuandikie aina ya mashine na toleo la Windows analotumia.