Mafundi wa tovuti Kisumu na Nakuru, acheni kutuuzia tovuti mpya kwa sababu ya paswadi

Wadau, huu upuuzi umezidi. Mwenye duka la vipuri Kondele, shule ya binafsi kule Lanet, chama cha wakulima Kakamega, wote wakifungiwa nje ya tovuti zao wanaimbiwa wimbo uleule: "Hiyo imeharibika, tujenge nyingine." Halafu inatajwa bei. Uongo mtupu! Kufungiwa nje ya WordPress, ile programu inayoendesha tovuti hizi, hakufuti hata picha moja. Kila kitu kiko palepale kwenye faili na hifadhidata (ghala la makala na watumiaji), na mwenye kuingia cPanel, yaani paneli ya kusimamia tovuti kwa hosti (kampuni inayoihifadhi), anarudi ndani bila hata kujua paswadi ya zamani.

Kwanza soma kile skrini inachosema. Ikisema paswadi si sahihi, hiyo ni kazi ya dakika chache. Humo cPanel fungua faili la mipangilio, wp-config.php, uone jina la hifadhidata kwenye DB_NAME na kiambishi (herufi za mwanzo wa majina ya majedwali) kwenye $table_prefix. Usikisie, maana akaunti moja ya hosti huweza kuwa na tovuti kadhaa na si kila jedwali huanza na wp_. Ingia phpMyAdmin, chombo cha cPanel cha kuhariri hifadhidata, chagua hifadhidata hiyo, fungua jedwali linaloishia na _users, uhariri mstari wa jina lako. Kwenye user_pass, pale paswadi inapokaa, futa herufi zilizopo, andika paswadi mpya, na kwenye safu ya kando (Function) chagua MD5, njia ya kuisimba paswadi, kisha hifadhi. Hapo kwa MD5 ndipo wengi huanguka. Usipoichagua, paswadi inahifadhiwa ilivyoandikwa, WordPress inaikataa, na fundi anapata kisingizio kwamba "hata hifadhidata imekufa". MD5 ni dhaifu, ila ukishaingia WordPress yenyewe huihifadhi upya paswadi kwa usimbaji imara zaidi.

Lile linki la kuomba paswadi mpya kwa barua pepe nalo lina mambo yake. Barua inatumwa kwenye anwani iliyo kwenye user_email, na mara nyingi hiyo ni anwani ya fundi mwenyewe. Mteja anabofya mchana kutwa, fundi anazipokea na kunyamaza. Hata anwani ikiwa yako, hosti nyingi za bei nafuu hutuma barua bila SPF (rekodi ya domeni inayotaja seva zinazoruhusiwa kuitumia barua) iliyowekwa sawa, zinaishia kwenye taka au hazifiki kabisa.

Ukiambiwa umezuiwa kwa kujaribu mara nyingi, paswadi yako haina kosa. Ni plagini (programu ya nyongeza) ya ulinzi imefungia anwani ya IP, ile namba ya mtandao unaotumia. Zima waifai, tumia data ya simu, ujaribu tena. Ila ujue wateja wengi wa data ya simu hutoka kwa anwani moja ya nje, kwa hiyo unaweza kukuta imeshafungiwa kwa makosa ya mtu usiyemjua. Dawa ya uhakika ni kwenye kidhibiti faili cha cPanel: nenda wp-content/plugins, uliongezee folda la hiyo plagini neno lolote mwishoni, mfano "-zima". WordPress ikilikosa, plagini inalala. Dawa ni hiyohiyo pale wp-login.php inapodai ukurasa haupo, kwani kuna plagini zinazohamisha anwani ya kuingilia. Bado imegoma? Angalia .htaccess, faili la amri za seva, kama kuna mistari ya "Deny from" au "Require not ip" iliyoachwa humo.

Na kama unaingia lakini huoni menyu ya plagini wala ya watumiaji, umepewa cheo kilicho chini ya msimamizi, kama Mhariri. Tovuti umelipia wewe, msimamizi ni fundi!

Ukirudi ndani usishangilie mapema. Kagua orodha ya wasimamizi, ondoa usiowajua, na mfumo ukiuliza makala zao zipewe nani, jitaje wewe, usikubali zifutwe. Badilisha zile funguo 8 za siri ndani ya wp-config.php ili kila aliyekuwa ameingia atolewe. Kisha fungua wasifu wa kila msimamizi uangalie paswadi za programu (Application Passwords), za kuingizia programu nyingine kwenye tovuti, zilizokuja na toleo la 5.6 la WordPress. Hizo haziguswi na ubadilishaji wa paswadi ya kawaida, na wengi hawajui kama zipo. Halafu kagua akaunti za FTP, zile za kupakia na kushusha faili za tovuti. Ukibadilisha paswadi ya hifadhidata, iandike papo hapo kwenye wp-config.php, la sivyo tovuti nzima inazimika.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni domeni, yaani jina la tovuti. Paswadi ina tiba, lakini domeni ya .co.ke ikiwa kwenye akaunti ya fundi, amekushika koo. Tafuta domeni hiyo kwenye WHOIS (daftari la usajili) ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya .ke, uone msajili, yaani kampuni iliyoisajili, ni nani, umwandikie huyo msajili moja kwa moja ukiwa na cheti cha usajili wa biashara na risiti za malipo. Ukitaka kuhama, dai msimbo wa kuhamishia domeni. Kabla ya kuanza ugomvi, shusha nakala ya public_html (folda la faili za tovuti) yote na faili la SQL, yaani nakala ya hifadhidata, uziweke kwenye flashi yako.

Sasa wewe fundi unayesema lazima ijengwe upya, njoo hapa ulitaje: ni faili gani lililopotea?