Tupeane uzoefu: watoto wa wageni mnawashughulishaje kwenye sherehe za nyumbani?

Mama wa Wawili

Wakuu habari zenu. Juzi Jumamosi tulikuwa na kasherehe kadogo nyumbani. Kalikuwa ka watu wazima, lakini wageni walikuja na watoto wao, na wala sikutegemea wawaache. Kuhesabu, nikapata kumi na mmoja. Mkubwa ana miaka 10, mdogo bado anatambaa. Nikajiona mjanja: nikawaingiza wote chumbani, nikawawashia katuni, nikaegesha mlango, nikarudi sebuleni kupiga soga.

Nusu saa nzima kimya. Mimi kifua mbele, nawaambia wenzangu "mnaona?" Nilisahau kwamba mtoto akinyamaza ndipo pa kwenda kumchungulia. Kufungua mlango, kopo zima la poda limemwagwa sakafuni, watu wana soksi miguuni, wanateleza kutoka ukutani hadi kitandani. Kwa foleni kabisa, na yule wa miaka 10 ndiye mwamuzi. Wa kutambaa alikuwa mweupe hadi kope. Katuni inajichekesha yenyewe.

Mwezi ujao ni zamu yetu tena. Nyie mnafanyaje? Leteni yaliyowasaidia kweli, na yaliyowaumbua pia, nisiwe peke yangu.

Baba Mapacha

Pole sana dada, ila nimecheka.

Yangu mimi ilinitoa na hela. Mapacha walipotimiza miaka mitatu nilikodi mchekeshaji, yule wa pua nyekundu na uso uliopakwa rangi. Akapiga hodi, akaruka ndani na kupaza sauti: "Watotooo!" Ilichukua sekunde tano hivi. Mmoja wangu chini ya meza, mwenzake amenipanda hadi shingoni, wengine wakaitikia kilio kama kwaya. Jamaa wa watu alimalizia muda wake varandani na watu wazima, ambao, niseme ukweli, walifurahi mno.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Mtoto wa miaka miwili mitatu hutulizwa na uso anaoutambua. Ukimfichia uso, hajui kwa uhakika kwamba chini ya rangi kuna mtu kama baba yake. Mwaka uliofuata nilimwita yuleyule, ila nikamwomba aje na sura yake, ajipake rangi pale pale kidogo kidogo huku watoto wakimshikia kioo. Hakulia hata mmoja. Wakaishia kumpaka wao, hadi masikioni.

Mwalimu wa Awali

Mama wa Wawili, katuni usiilaumu. Tatizo ni wa miaka 10 na wa kutambaa kukaa chumba kimoja, na kitu kimoja tu cha kufanya.

Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alichapisha uchunguzi wake wa watoto wadogo wakicheza. Alieleza jambo ambalo hata wewe utaliona ukikaa pembeni ukatazama: wadogo hucheza ubavuni mwa wenzao, si pamoja nao. Kila mmoja na ndoo yake, na kila mmoja ana hadithi yake kichwani. Kucheza kwa kushirikiana, kugawana kazi na kufuata sheria, huja taratibu kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo wa miaka miwili ukimwambia "subiri zamu yako" unazungumza na ukuta. Mpe sufuria na mfuniko wake, na jirani yake mpe sufuria na mfuniko vinavyofanana na hivyo. Nasisitiza vinavyofanana, maana tofauti ya rangi tu inatosha kuanzisha vita.

Sasa mchezo wa viti, huu tunaoupenda wote. Watoto kumi, viti tisa, muziki ukizimwa anayekosa kiti anatoka. Angalia nani hutoka wa kwanza: mdogo kuliko wote, au yule mpole. Yaani aliyekuwa anauhitaji mchezo zaidi ndiye atakayekaa pembeni muda mrefu zaidi, na akikaa pembeni lazima atafute kazi. Ndipo poda inapopatikana. Mimi nimeugeuza. Naendelea kutoa viti, lakini mtoto hatoki. Wote kumi lazima wapate pa kukaa kwenye viti vinavyobaki, kwa kupakatana na kushikana. Mwishoni kuna kiti kimoja na rundo la watoto wanaocheka. (Mkubwa akae chini kabisa, na kiti kiwe imara. Nimeshavunja kimoja.)

Kuganda muziki unapozimwa ni hivyohivyo: anayetikisika asitoke, awe jaji wa raundi inayofuata. Na wewe mwenye shughuli ukate mchezo wakati bado wanautaka. Dakika kumi kwa wadogo ni nyingi. Ukingoja hadi wauchoshe, muda wa kutafuta unaofuata tayari wameshagawana makundi na kuanza kupigana mito.

Kaka Mkubwa

Naomba niongee kwa niaba ya "mkubwa" wa kila sherehe. Nina miaka 19 sasa, na nimekuwa mkubwa tangu nikiwa na 9. Shangazi zangu, msitugeuze walezi bila kutuuliza! Tunaambiwa "nenda kacheze na wenzako", wenzako wenyewe wana miaka minne. Yule mwamuzi wa poda namwelewa kabisa. Hakupewa kazi, akajipa.

Ukitaka kijana wa miaka 10 hadi 13 akusaidie, mpe siri. Mwite jikoni kabla wadogo hawajafika, mwambie wewe ndiye utakayeficha vitu na kuandika maelekezo, wengine watatafuta. Hapo umempata. Mimi nilipewa kazi hiyo mara moja nikaifanya kwa moyo wote. Wasiojua kusoma niliwachorea: picha ya kiatu, waende kwenye viatu, kwenye viatu wakute picha ya mto, waende kwenye mito.

Kosa langu ni kwamba karatasi ya tano niliichora mkoba, nikiwa na maana ya begi langu la shule. Watoto wanane walivamia sebule wakafungua mikoba ya akina mama wote waliokuwepo. Waliipekua hadi ndani ya zipu. Yaliyomwagika siku hiyo siyasemi. Kwa hiyo kabla ya kuanza, watangazieni mipaka: vyumba hivi ndiyo, vile hapana, na vitu vya wageni haviguswi.

Mjomba wa Pembeni

Boksi la friji. Basi.

Likatwe milango na madirisha, kalamu za rangi zikae kando. Mpwa wangu alipewa na gari la kuwasha taa siku hiyo hiyo. Gari lilibaki sebuleni, boksi likaishi wiki tatu.

Muuguzi Mstaafu

Mwenye mada, kabla ya michezo, hiyo poda usiichukulie kama kichekesho tu. Chembe zake ni laini sana, mtoto mchanga akizivuta zinaweza kumsumbua mapafu. Wa kutambaa hakupaswa kuwa mle, na kopo lilipaswa kuwa juu.

Mengine nayasema haraka. Puto lililopasuka lina hatari kuliko lililojaa. Kipande cha mpira mtoto akikivuta mdomoni kinaziba njia ya hewa na ni kigumu kukitoa. Ndiyo maana pakiti za maputo huonya juu ya watoto chini ya miaka 8. Likipasuka, okota vipande papo hapo, na wadogo wasiachwe wapulize wenyewe. Vitu vidogo vipime kwa ile bomba ya karatasi ya chooni: kinachopenya mle kisifike kwa aliye chini ya miaka mitatu. Kagua vichezeo vinavyowaka na kulia, vingine vina betri bapa kama sarafu. Ikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa mbili, kwa hiyo ukihisi mtoto ameimeza ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri kuona. Na beseni la maji likishatumika limwagwe. Mtoto mdogo huweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5, tena bila kupiga kelele.

Lakini kuliko vyote, nataka kuuliza: pale nyumbani nani alikuwa anaangalia? Watu wazima wakiwa ishirini, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Kwetu tuna kofia ya mlinzi, kubwa, mbaya, inaonekana kutoka mbali. Aliyeivaa haongei na mtu, hashiki simu, anaangalia watoto tu. Baada ya dakika ishirini anamvisha mwingine kichwani kwa mkono wake, haiweki mezani. Akina baba wanakwepa mwanzoni, wakishaivaa mara moja wanazoea.

Mama Kiherehere

Mnazunguka tu. Wanyimeni sukari muone watakavyotulia.

Mwalimu wa Awali

Mama Kiherehere dada yangu, hata mimi niliamini hivyo miaka mingi. Mwaka 1994 watafiti Hoover na Milich walikusanya wavulana wa miaka 5 hadi 7 pamoja na mama zao, akina mama waliosema watoto wao huvurugwa na sukari. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Baadhi ya mama wakadanganywa kwamba mtoto amekunywa sukari nyingi. Hao ndio waliowaona watoto wao wamechachamaa, na ndio waliowafuata nyuma na kuwakemea zaidi. Kwa meno, sukari wapunguzie, nakuunga mkono. Ila kinachowapandisha ni wenzao kumi, kelele, na kulala kumepita saa.

Mama Kiherehere

Huo utafiti haujamwona wa kwangu. Ila sawa, la usingizi nakubali.

Mama wa Mtulivu

Mimi nachangia kwa upande mwingine. Wangu ana miaka saba, na makelele yanamuumiza, si kwa mfano, anaziba masikio na kutetemeka. Kila sherehe nilikuwa naishia kumtafuta chini ya kitanda cha mwenye nyumba, halafu watu wananiambia "mzoeshe". Nikaacha kwenda.

Mwaka jana rafiki yangu mmoja aliniuliza kabla: mwanao anapenda nini? Sikuwahi kuulizwa. Nilipofika nikakuta kona ya chumba cha nyuma imetandikwa mkeka, mto, penseli, na kopo la vifungo vikubwa vya nguo vya kupanga. Mlango uko wazi, hakuna anayelazimishwa kuingia wala kutoka. Wangu alikaa mle saa nzima akipanga vifungo kwa rangi. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa peke yake. Watoto watatu wengine, wale tunaowaita wachangamfu, walikuwa wanaingia, wanakaa naye dakika chache bila kusema kitu, wanatoka tena kwenda kukimbia. Mwisho akatoka mwenyewe kuja kuangalia mapovu.

Baba Mapacha

Mama wa Mtulivu, hiyo kona naichukua. Na mapovu umenikumbusha: maji vikombe sita, sabuni ya maji ya vyombo kikombe kimoja, gliserini kijiko kikubwa kimoja, koroga taratibu bila kutoa povu, acha hadi kesho yake. Gliserini inachelewesha utando wa povu kukauka, ndiyo maana halipasuki upesi. Fanyeni nje. Sisi tulifanyia ndani, sakafu ya marumaru, baba mkwe akapita.

Yuko salama. Ila hatujaongea vizuri hadi leo.

Mama wa Wawili

Narudi na mrejesho. Sherehe ilikuwa jana, watoto kumi na wanne safari hii.

Wadogo niliwatandikia sebuleni karibu na mama zao, sufuria na mifuniko ya kufanana. Kelele ilikuwepo, sitadanganya, lakini nilikuwa naiona. Yule mwamuzi wa poda nilimwita jikoni mapema nikampa siri ya kuficha vitu. Alivimba kichwa, akaniomba na daftari. Vitendawili nilitega mwenyewe wakati tunasubiri wachelewaji, na hapo nilipatwa na aibu kidogo, maana mtoto wa miaka sita alinitegea kimoja nikashindwa, nikampa mji. Viti tulicheza kwa mtindo wa Mwalimu, bila kuvunja. Kona ya utulivu ilijaa kuliko nilivyotarajia, na mmoja wa waliojaa alikuwa mume wangu.

Boksi la Mjomba lilikuwa la mashine ya kufulia, friji sikupata. Liligombaniwa robo saa, likawa basi, likawa hospitali, baadaye nikalisahau.

Kofia ilizunguka vizuri hadi jioni. Wakati wa kuagana nikahesabu vichwa: kumi na watatu. Nikarudia. Kumi na watatu. Mama yake anaita, sisi tunafungua makabati, tunachungulia chini ya vitanda, moyo unanienda mbio. Kaka Mkubwa wangu na daftari lake ndiye aliyekumbuka boksi. Tukamkuta amejikunja mle ndani, usingizi mzito, kofia ya mlinzi imemfunika uso.

Mlinzi wa zamu hiyo nilikuwa mimi.