Baiskeli ya mbio ya kwendea kazini: ipi kati ya hizi tatu? Na helmeti iwe lazima?

Pedeli_Moja
Wakuu, salaam. Nataka kuachana na basi. Nyumbani hadi kazini ni kilomita 11, karibu yote lami, ila sehemu mbili imechimbika vibaya na kuna mlima mmoja kabla ya kufika. Nabeba kompyuta mpakato na nguo za kubadilisha. Mvua ikinikuta njiani sina pa kujificha. Nimechuja, nimebaki na tatu:

A: baiskeli ya mbio halisi, fremu ya kaboni, tairi za milimita 25, breki za kubana rimu. Imetumika kidogo. Nyepesi ajabu.

B: baiskeli ya mbio ya masafa marefu, fremu ya alumini na foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, breki za diski, inaingia tairi hadi 35, ina matundu ya kufungia keria na madigadi. Imeizidi A kama kilo mbili.

C: ya usukani ulionyooka, tairi 38, kila kitu kimeshafungwa mpaka stendi.

Bei zake hazijaachana sana. Moyo uko kwa A.

La pili: kazini wameandaa kanuni kwamba asiye na helmeti haruhusiwi kuegesha baiskeli ndani ya uzio, na wametuomba maoni kabla ya kuipitisha. Mimi nitavaa kwa vyovyote vile, ila sijui kama nisaini kuiunga mkono. Mnaonaje?

Kasi_Kwanza
A, wala usijiulize. Baiskeli usiyoipenda utaitafutia kisingizio kila asubuhi yenye mawingu. Weka begi mgongoni, funga taa mbili, umemaliza. Keria ni za wapeleka vifurushi.

Tyubu_Mbili
Wapeleka vifurushi wanafika na mashati makavu mgongoni, wewe je?

FundiSpoki
Kasi_Kwanza ana hoja kuhusu kupenda baiskeli, sitaibeza. Lakini kazi yangu ni kufungua baiskeli za watu waendao kazini kila siku, mvua na jua, na huwa zinachakaa kwa namna ileile. Nianze na breki, maana hapo ndipo A na B zinapoachana kabisa.

Breki ya kubana rimu ikilowa, sekunde ya kwanza unafuta maji tu, ndipo inaanza kushika. Kama rimu nazo ni za kaboni, inachelewa zaidi. Pili, mchanga unaonasa kwenye padi unaikwangua rimu kila unapobana. Rimu inakonda mwaka hadi mwaka, na ikifika mwisho unabadilisha gurudumu au unasuka upya, si padi peke yake. Hiyo A imetumika, kwa hiyo pitisha kidole kwenye uso wa rimu. Ukikuta umebonyea katikati kama sahani, jua kuna gharama inakusubiri. Diski nayo inaliwa, lakini pale kinachobadilishwa ni padi na sahani ya diski, gurudumu halihusiki.

Tairi. Mtu wa kilo 75 kwenye tairi ya 25 hujaza upepo karibu psi 90 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), kwenye 32 anaweza kushuka hadi karibu 60. Hizo sehemu zako mbili zilizochimbika ndizo zitakazoamua. Tairi nyembamba ikigonga ukingo wa shimo, tyubu inabanwa kati ya ukingo na rimu, inatoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Kuongeza upepo ili usipate pancha hizo kunafanya kila kokoto ikufike kwenye viganja. Tairi pana inakuondolea mateso yote mawili, na kwenye lami mbovu haikucheleweshi.

Uzito ndio unaouza baiskeli, na ndio usiokuwa na maana kubwa kwako. Chukua wewe, baiskeli na mzigo, jumla kilo 90. Punguza kilo mbili. Mlima wa kupandwa kwa dakika 6 utaupanda kwa sekunde 8 pungufu hivi. Kwenye tambarare hutaona kitu. Taa ya kwanza ya barabarani itazimeza hizo sekunde zote.

Na usije ukachukua A kisha ukaifungia keria ya vibano. Mabomba ya kaboni yamepangwa kuhimili nguvu za upande fulani, kubanwa na chuma si mojawapo.

Bi_Madigadi
Fundi amemaliza karibu yote, naongeza ya vipimo. Hiyo 35 wanayoandika kwa kawaida ni bila madigadi. Ukiyafunga, hesabu 32, wakati mwingine hata 28. Muulize muuzaji kwa kupima nafasi iliyopo chini ya foki, usikubali jibu la mdomo. Kama wewe ni mfupi na unachukua fremu ndogo, kaa juu ya baiskeli, pedeli ikiwa mbele, kata usukani taratibu uone kama ncha ya kiatu inagusa madigadi ya mbele. Kwenye mwendo haitokei, inatokea pale unapozungusha baiskeli polepole katikati ya magari.

Halafu visigino. Fremu za mbio ni fupi nyuma, kutoka krenki (pale pedeli zinapozungukia) hadi ekseli ya nyuma huwa kama milimita 410, wakati za safari zenye mizigo hufika 440 na kuendelea. Begi la pembeni kwenye fremu fupi, kila ukikanyaga kisigino kinaligonga. Nenda na viatu vyako na begi lako dukani.

Mzee_Keria
Mbona C mmeipita kama haipo? Usukani ulionyooka unakukalisha wima, unaona juu ya paa za magari, breki ziko chini ya vidole muda wote. Kilomita 11 si safari ya kuinamishia mgongo. Huyu kijana anakwenda kazini, haendi kushindana.

Pedeli_Moja
Shikamoo Mzee Keria. C sijaidharau. Nilipoijaribu upepo ukiwa usoni niliona nasukuma ukuta, na viganja vilianza kufa ganzi kwa sababu vinakaa pozi moja tu. Ule usukani wa pembe una pozi tatu.

Mzee_Keria
Marahaba. Hiyo ya ganzi nakubali. Basi chukua B, lakini usukani uupandishe. Vijana mnanunua ya masafa marefu halafu mnaondoa vile vipete vya chini ya stemu (kile kipande kinachoshika usukani) ili ionekane ya mashindano.

Kasi_Kwanza
Haya, B ina watetezi wengi. Ila kuhusu helmeti mtashangaa: mimi mpenda kasi nasema iwe lazima. Tazameni mbio zenyewe. UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, ilijaribu kulazimisha helmeti mwaka 1991, waendeshaji wakagoma kwenye mbio za Paris–Nice za Ufaransa, ikarudi nyuma. 1995 Fabio Casartelli akafa kwenye Tour de France akiwa hana helmeti, bado hakuna kilichobadilika. Machi 2003 Andrey Kivilev akaanguka kwenye Paris–Nice ileile, akafa, na mwaka huohuo ikawa lazima. Leo hakuna anayelia kwamba jua linamchoma. Watu wazima wenye akili, wanaolipwa kwa kuendesha, hawakuvaa mpaka walipolazimishwa. Sisi tutavaa kwa kuombwa?

Bi_Madigadi
Kaka, mbio za kulipwa na mama anayekwenda sokoni ni vitu viwili. Yule wa mbio anateremka mlima kwa kilomita 80 kwa saa katikati ya wenzake mia na ushee. Na hawezi kuamua leo apande basi.

Mwendeshaji wa kawaida anaweza, na hapo ndipo sheria inapogeuka. Victoria kule Australia ilikuwa ya kwanza duniani kulazimisha watu wote, Julai 1990. Helmeti ziliongezeka sana, hilo halipingwi. Lakini waliohesabu barabarani walikuta waendeshaji wamepungua, hasa vijana wa sekondari. Melbourne ilianzisha baiskeli za kukodi 2010 na ikazifunga 2019, na miongoni mwa lawama ilikuwa helmeti: nani anatembea nayo mkononi kusubiri hamu ya kukodi? Jiji la Mexico liliiondoa sheria yake 2010, mwaka uleule lilipoanzisha baiskeli za kukodi. Uholanzi watu wazima wengi hawavai na wanaendesha kuliko taifa lolote, kwa sababu wana njia zao wenyewe mbali na malori.

Jicho_la_Sheria
Tuyatenganishe mawili, tusije tukabishana usiku kucha kila mtu na lake.

Je, helmeti inasaidia kichwa kikishagonga? Ndiyo. Uchambuzi wa Jake Olivier na Prudence Creighton wa 2016 ulikusanya tafiti 40, zenye majeruhi zaidi ya 64,000. Waliovaa walikuwa na uwezekano mdogo wa kuumia kichwa, karibu nusu, na kwa majeraha makubwa ya kichwa ulipungua karibu asilimia 70. Anayetaka kulipinga hilo ana kazi kubwa.

Je, sheria ya kulazimisha inasaidia jamii? Hapo ushahidi umegawanyika, na jibu linategemea nani anaitekeleza. King County, eneo lenye jiji la Seattle huko Marekani, waliifuta kanuni yao Februari 2022, na sababu kubwa haikuwa helmeti. Takwimu zilionyesha faini zikiwaangukia zaidi watu weusi na wasio na makazi. Askari anayetafuta sababu ya kumsimamisha mtu alikuwa amepewa moja.

Kuna na njia za katikati. Ufaransa imelazimisha watoto wa chini ya miaka 12 tangu Machi 2017. Hispania inalazimisha nje ya miji, na ndani ya miji kwa walio chini ya miaka 16. Kwa hiyo si lazima uchague kati ya wote na hakuna.

Tyubu_Mbili
Mimi nilisoma kwamba magari yanakupita karibu zaidi ukivaa.

Jicho_la_Sheria
Ni utafiti wa Ian Walker wa Uingereza, 2007. Aliendesha mwenyewe akipima, akakuta wastani wa sentimita 8.5 karibu zaidi. Watafiti wengine wakazipitia data zilezile baadaye wakasema tofauti hiyo haina uzito kwa usalama. Usiitumie kama sababu ya kuacha helmeti.

FundiSpoki
Mie nitasema kinachofanywa na helmeti, maana nasikia watu wanaiongelea kama hirizi. Kipimo cha Ulaya, EN 1078, kinaiangusha kutoka kama mita 1.5 juu ya chuma bapa. Mwendo wa kugonga ni kama kilomita 19.5 kwa saa. Hiyo ni sawa na kichwa chako kuanguka kutoka ulipokaa. Povu lile la ndani linapondeka likinyonya kishindo, na likishapondeka halirudi, hata kama nje huoni ufa. Ukianguka nayo, nunua nyingine. Haikupimwa kwa lori la kilomita 60 kwa saa.

Kwa hiyo ukiteleza kwenye kona yenye mchanga, inafanya kazi ile hasa iliyopimiwa, na kuteleza ndiko kunakotokea mara nyingi. Dhidi ya dereva mlevi, unachohitaji ni njia ya peke yako.

Na ivaliwe ipasavyo. Ukingo wa mbele ukae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda uingize kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Naona watu wameisukuma kisogoni, paji lote liko nje. Hao hata askari akiwaona atasema wamevaa.

Kasi_Kwanza
Nimeelewa hoja ya faini. Lakini hapa si polisi, ni mwajiri na uzio wake. Hakuna anayefungwa.

Bi_Madigadi
Hafungwi, ila baiskeli inabaki nje, inaibwa, na Jumatatu anapanda basi. Matokeo yaleyale bila askari. Nami kichwani huwa na hijabu, na helmeti nyingi zinakaa juu yake kwa shida mpaka upate yenye kikazio kinachorekebishika vizuri. Atakayeandika kanuni amefikiria hilo?

Jicho_la_Sheria
Hapo umenigusa. Pedeli_Moja, kama wanataka maoni, uliza kwanza kanuni inalenga ajali zipi. Lango la kazini si mahali watu wanapoangukia. Mwendeshaji akishafika hapo, safari yake ya asubuhi imekwisha salama. Kama wanajali njiani, watoe helmeti kwa mkopo wa mshahara, waweke makabati ya kuzihifadhi, na wadai taa na breki nzima kwa kila baiskeli inayoingia. Taa jioni inakusaidia usigongwe. Helmeti inakusaidia ukishagongwa. Kanuni inayotaja ya pili na kuisahau ya kwanza imeandikwa na mtu asiyeendesha.

Mzee_Keria
Naunga mkono kuvaa, sisaini kulazimisha. Wajukuu zangu lakini wasipofunga mikanda ya helmeti hawatoki getini.

Kasi_Kwanza
Mzee, hiyo ndiyo sheria ya lazima yenyewe 😄

Mzee_Keria
Ni ya kwangu.

Pedeli_Moja
Nawashukuru nyote. Nimekwenda leo na begi na viatu kama Bi_Madigadi alivyosema. A kisigino kinagonga begi vibaya sana, na rimu ya nyuma ina lile bonde la katikati. Nimelipa amana ya B, watanifungia tairi za 32 na madigadi. Vipete vya chini ya stemu vimebaki vyote, Mzee. Kazini nitaandika kwamba sitasaini kama ilivyo, ila nitasaini ikibadilishwa kuwa taa na breki ni lazima, helmeti inatolewa kwa mkopo, na hakuna baiskeli inayofukuzwa uzioni.

Swali la mwisho kwa Fundi. Nilipoijaribu, diski ya mbele ilipiga kelele kama filimbi, na haikushika vizuri. Ina kasoro?

FundiSpoki
Kama ni mpya, kuna uwezekano mkubwa padi hazijakaa tu. Tafuta sehemu tupu, endesha kama kilomita 20 kwa saa, bana breki moja kwa nguvu inayopanda taratibu mpaka mwendo wa kutembea, achia kabla hujasimama kabisa. Rudia kama mara ishirini, kisha nenda kwenye nyingine. Utaiona inazidi kushika. Usiguse sahani kwa vidole, na fundi wa dukani asipulize mafuta ya mnyororo karibu nayo. Ikiendelea kupiga kelele baada ya hapo, waambie wakague kama kalipa (kile kinachobana padi kwenye sahani) imekaa katikati. Padi zikiwa tayari zimenyonya mafuta, kuzisugua hakusaidii. Wabadilishe kabla hujamalizia malipo.