Naomba ushauri: nizungumzeje historia na wenyeji wangu hapa Tainan?

Habari zenu ndugu. Ninasoma Tainan, kusini mwa Taiwan, na nimepanga chumba kwa wazee wawili. Babu anajiita Mchina. Baba yake alivuka bahari mwaka 1949 na jeshi la Chiang Kai-shek, kiongozi wa China aliyekimbilia Taiwan baada ya kushindwa na Wakomunisti. Bibi ni wa ukoo wa zamani hapa kisiwani, anazungumza Kihokkien (lugha ya familia nyingi za zamani hapa), na anasema yeye ni Mtaiwani basi. Wajukuu wako upande wa bibi.

Nawapenda wote wawili na natamani kuwaelewa. Nimesoma kuhusu mauaji yaliyofuata Februari 28, 1947, ambapo jeshi la serikali ya Chiang liliua wakazi wengi wa kisiwa, na sheria ya kijeshi ya 1949 hadi 1987, enzi ambayo watoto waliadhibiwa shuleni kwa kuongea lugha ya nyumbani. Bibi alikulia humo. Lakini babu akiwepo, hagusii kabisa.

Mliowahi kuishi huku, nishaurini: nimuulize bibi tukiwa wawili, au nisubiri aanze mwenyewe? Na babu nimsikilizeje bila bibi kuhisi nimedharau machungu yake? Pia Taipei kuna jumba la makumbusho la tukio hilo la 1947. Je, ni sawa nikimwomba mjukuu wao anipeleke?