Kuuliza historia ya mgonjwa mfumo kwa mfumo, nyie mnafanyaje?

mwanafunzi_mpakani
Habari zenu wakubwa. Niko mwaka wa pili nasomea uklinikal ofisa, yaani afisa tabibu, sasa hivi niko kwa mazoezi kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne huku Uganda mashariki. Malalamiko makubwa nauliza vizuri tu, yameanza lini, yanaendaje, ila nikifika pale pa kupitia mifumo yote, kifua, moyo, tumbo, mkojo, kichwa, viungo, naanza kurusha maswali kama karani wa sensa na mgonjwa anajibu hapana hapana mpaka mwisho. Jana nimepokea mama wa miaka kama 55, amechoka, miguu imevimba. Nikamuuliza unapata shida ya kupumua? Hapana. Nikaandika hapana. Leo kwenye raundi sista akamuuliza tu, mama, usiku unalalaje? Akasema siku hizi nalala kwa kiti, nikilala chali nakosa hewa. Imeniuma sana, maana ningeachwa peke yangu ningemrudisha nyumbani na parasetamo. Nisaidieni.

sista_wa_wodi
Pole mdogo wangu, uliza maisha yake ya kila siku, majibu yatakuja yenyewe. Unalalia mito mingapi? Unashtuka usiku ukitafuta hewa? Ukitoka kisimani na jerikeni la lita 20 unapumzika mara ngapi, na mwaka jana ulikuwa unapumzika? Hapo moyo na mapafu umeshapitia. Kikohozi usiulize "unakohoa?" ukaishia hapo, anayepikia kuni kila siku anaona kukohoa ni kawaida. Uliza kina muda gani, kikifika wiki mbili fikiria TB, halafu ndo unafuata jasho la usiku, nguo kupwaya, makohozi yenye damu, na nyumbani nani anameza dawa za TB. Na kila mwanamke wa umri wa kuzaa muulize siku zake za mwisho aliziona lini kabla hujaandika dawa yoyote.

musawo_mstaafu
Naongeza la lugha. Mtu akikwambia moyo unamchoma usikimbilie kuandika moyo, mwambie aweke mkono pale panapouma. Wengi wanagusa chembe cha moyo, yaani pale juu ya tumbo chini ya kifua, kumbe ni kiungulia au vidonda vya tumbo, hapo uliza anaumwa akiwa na njaa au akishakula, anameza dawa gani za maumivu, choo kimekuwa cheusi kama lami? Ila asiyegusa chembe, anayebana ngumi katikati ya kifua huku anatoka jasho, huyo huenda ni moyo kweli, usimcheleweshe. Kingine, Kiswahili si lugha ya kila mtu huku, utahitaji mkalimani, lakini tafadhali mtoto wa kiume asimtafsirie mama yake habari za uchafu wa ukeni au kuvuja mkojo. Hatasema. Tafuta sista anayejua lugha yake, mvute pembeni mzungumze.

kaka_wa_ziwani
Mimi nafanya kazi karibu na Ziwa Albert, hapa bila kumuuliza mtu anaishi wapi na anafanya kazi gani historia haijakamilika. Mvuvi akija anatapika damu, cha kwanza nafikiria kichocho cha tumbo kilichoharibu ini mpaka mishipa ya umio ikavimba ikapasuka. Mfugaji mwenye homa inayokuja na kuondoka, mgongo na viungo vinauma, ametibiwa malaria mara tatu na vipimo havioni kitu, muulize kama anakunywa maziwa mabichi, inaweza kuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Na mitishamba usiulize kama polisi. Sema hivi, watu wengi hapa wanakunywa mululuza, yale majani machungu, wewe umejaribu nini kabla ya kuja? Atakutajia yote.

sista_wa_wodi
Umesema kweli kaka. Na wewe mdogo wangu, anza na mfumo ulio karibu na malalamiko yake, uuchimbe mpaka uishe, halafu ndo ushuke haraka kutoka kichwani mpaka miguuni. Ukianzia kichwani kwa mtu anayehema atachoka kabla hujafika kifuani.

mwanafunzi_mpakani
Asanteni sana wakubwa. Nimerudi kwa yule mama jioni hii, nikavuta kiti nikakaa, nikamuuliza mwaka huu ulikuwa unameza dawa gani. Kumbe alikuwa na dawa za presha, zikaisha miezi miwili iliyopita, na hela ya boda kurudi kuchukua nyingine hakuwa nayo. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Nimeandika kwenye faili na nimemwambia dokta wa zamu.